Kicheko cha Basuni ya Nne

Mwalimu Shamte aligawa karatasi. Nyimbo za mchezo wa vichekesho alikuwa amezipanga upya zipigwe kwa basuni nne, zile zumari ndefu za sauti nzito, na kila mpigaji alimwekea alama za kuvuta pumzi kulingana na kifua chake.

"Mwalimu, hii ya nne mbona alama nyingi hivi?" aliuliza Bi Siwema.

"Kitwana hana pumzi ndefu, si unamjua."

"Kitwana tumemzika Ijumaa, Mwalimu."

Shamte aliitazama karatasi, kisha akaiweka kwenye kiti kitupu.

"Pigeni."

Wakapiga watatu. Wimbo ulipofika pale basuni ya nne inapocheka peke yake, wote wakanyamaza. Mkono wa Shamte haukuacha kuongoza, na kila penye alama, alivuta pumzi.