Kiganja cha Bi Mwanakheri

Siku hizi, tangu askari wengi wajiue, bastola ya askari hailali kwake. Hukaa kwa mtunzaji aliyemchagua mwenyewe, ndani ya kisanduku kinachofunguka kwa viganja viwili, chake na cha mtunzaji. Koplo Mwaringa hakuwa na ndugu karibu, akamchagua jirani yake mjane, Bi Mwanakheri. Kila Jumamosi alileta kitambaa na mafuta, akaisafisha, wakapiga soga, akairudisha.

Jumamosi hii alikuja mikono mitupu.

“Mafuta yako wapi, mwanangu?”

“Leo sisafishi, mama. Naichukua tu.”

Bi Mwanakheri alimtazama usoni, kisha akaizamisha mikono kwenye unga wa chapati. Kisanduku hakisomi kiganja chenye unga.

“Ningoje nimalize. Umekula?”

“Sina njaa.”

“Sikukuuliza njaa. Keti unisukumie. Au jeshini hamfundishwi?”

Koplo akaketi. Chapati yake ya kwanza ilitoka na pembe tano.

“Hiyo nani ataila?” Bi Mwanakheri aliuliza.

“Mimi,” alisema kwa sauti ndogo.

Donge la mwisho lilipokwisha, koplo alitazama kisanduku. Bi Mwanakheri akafungua pakiti nyingine ya unga. Ilikuwa ya mwisho.