Wa Tatu Kutoka Mlingotini

Glenda alikuwa amelala kifudifudi juu ya sakafu ya kioo, huko juu mnarani, akiwapungia watu waliokuwa chini wadogo kama siafu.

"Njoo basi, mdogo wangu. Kioo hiki kimebeba wanene kunishinda."

Lorraine alibaki palepale karibu na lifti. Alizaliwa Portsmouth, akaolewa Portsmouth, na hakuwahi kupanda mnara huu. Mnara ni wa wageni. Leo amepanda kwa sababu dada yake ametoka Stoke, bara huko, aje kumuaga Corey, mwanawe Lorraine. Alasiri meli ya kivita inatoka, na mpaka ifike alasiri siku lazima ijazwe na kitu.

Glenda alikuwa amefika jana, giza linaingia, nywele zimetimka kwa upepo, akailaumu treni. Mkononi alikuwa na mfuko wa mikate ya shayiri, ile laini kama chapati, ambayo watu wa Stoke hawaishi bila hiyo. Corey aliipenda tangu hana meno.

"Hawaruhusu chakula cha nyumbani," Lorraine alimwambia.

"Najua. Tutaila sisi."

Lakini hakuila. Asubuhi hii aliubeba tena mfuko ule.

Waliposhuka wakaingia kwenye meli ya kale ya mbao, ile ya vita vya zamani. Glenda akagonga kichwa kwenye boriti, akatukana, akamwomba radhi mzee aliyekuwa akiwaongoza wageni.

"Mabaharia walining'inia kwenye machela haya usiku kucha? Kama popo? Na Corey je, analala vipi?"

"Kitanda juu ya kitanda. Wako wawili."

"Dirisha lipo?"

"La kuitwa dirisha tu."

"Na simu?"

"Waliichukua. Hupiga yeye, zamu yake ikifika."

Lorraine alijibu kama mtu anayesoma bei dukani. Tangu Machi moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Ukiugusa ni wako, lakini hausikii kitu.

Nje, Glenda alinyoosha kidole baharini, kwenye mstari wa buluu wa kisiwa. "Tupande boti basi, twende kisiwani mara moja. Wanasema kuna fukwe nzuri."

"Kisiwani hakuna kitu."

"Hata aiskrimu?"

"Nimesema hakuna kitu, dada."

Glenda alimtazama, kisha akatazama pembeni.

Wakanunua chipsi, wakazimwagia siki, wakakaa gatini, pale watu wanaposubiri feri ya kwenda Gosport, ng'ambo ya bandari. Karibu yao binti mmoja alikuwa akichezea simu. Kijana akaja, anatabasamu, akaweka begi miguuni pake.

"Nivushie hili, mrembo. Mimi nachelewa kidogo. Rafiki yangu atalipokea ng'ambo."

"Poa," alisema binti.

Lorraine alisimama. Chipsi zilimwagika chini.

"Binti. Mrudishie mzigo wake."

"Mama, ni begi tu."

"Unajua kilichomo?"

"Sijui."

"Basi mrudishie. Huko kwenu una mama?"

Binti akalisukuma begi kwa mguu. Kijana akasema, "Mama mzima unagombania begi la watu? Kanywe dawa zako." Lakini alilichukua, akaondoka bila kukimbilia feri wala kumpigia simu rafiki. Shakwe walikuwa wameshamaliza chipsi.

"Unamjua yule binti?" Glenda aliuliza.

"Simjui."

"Tangu nifike, ndiyo kwanza nakuona uko hai."

Alasiri wakapanda mnara wa duara, ule wa mawe uliopo mdomoni mwa bandari. Huko ndiko watu wa Portsmouth huwaagia mabaharia, tangu enzi za bibi za bibi zao. Walijaa akina mama, wake, watoto mabegani, mashuka yaliyoandikwa majina kwa rangi.

"Lakini tangu lini Corey akapenda maji?" Glenda alisema. "Si huyu aliyetapika kwenye feri ya Gosport? Na ile inafika kabla chai haijapoa."

"Watoto hukua, dada."

Meli ikaja taratibu, ya kijivu, kubwa kama mtaa. Mabaharia walikuwa wamejipanga ukingoni, kofia nyeupe moja kama nyingine. Jua lilikuwa nyuma yao. Nyuso zote zilikuwa nyeusi.

"Yupi?" Glenda aliuliza.

Lorraine alinyoosha kidole bila kusita. "Wa tatu kutoka mlingotini."

Glenda alivua skafu, akapunga. "Corey! Corey wetu!" Alipunga kwa mkono mzima, kama anayefukuza nyuki.

Mwanamke aliyesimama kando alijifuta machozi, akamgusa Lorraine begani. "Ni safari yake ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Miezi saba itapita, mpenzi."

"Huwa inapita," alisema Lorraine. Naye akainua mkono, akapunga. Lakini macho yake yalipita juu ya meli, yakaenda mbali, kwenye ule mstari wa buluu wa kisiwa.

Meli ikawa ndogo. Watu wakaanza kukunja mashuka yao. Glenda peke yake alikuwa bado anapunga.

"Mtoto wa watu yule, Mungu amlinde," alisema bila kugeuka. Kisha akashusha mkono, akafungua mfuko, akampa mdogo wake mkate mmoja. "Kula. Jana nilipitia kisiwani kwanza kumwona, askari wa gereza wakaikataa mikate hii. Corey ndiye aliyenituma. Alisema nisikuache upunge peke yako."