Harufu ya Kuita Dume

Allan alioga mara mbili kabla jua halijatoka, na bado alikuwa akinusa viganja vyake.

"Kama hukuiba, unaogopa nini?" Namalwa alimwuliza. Mikononi alishika mtungi wa plastiki uliojaa nondo wadogo wa kijivu, mdomo wake umefunikwa kwa kipande cha neti.

Vidonge vitatu vya mpira vilikuwa vimetoweka kwenye mitego ya grinihausi ya Ezra, huko Kisaju, mbele kidogo ya Kitengela. Kila kidonge kilibeba harufu ya nondo jike. Nondo dume huifuata, hunasa kwenye gundi, na nyanya hupona. Sasa majani yalikuwa yamejaa mabuu, na Ezra alikuwa ametoa uamuzi: mwizi asipojulikana asubuhi hiyo, Namalwa, aliyekabidhiwa mitego, angefunga virago arudi Bungoma na watoto wake.

Namalwa aliomba jambo moja tu. Nondo wenyewe wamtaje mwizi.

Ezra alimwita jirani yake, Mzee Parsaoti, awe mwamuzi. Hakuna ambaye angesema mzee huyo anampendelea mwenye shamba. Walikuwa hawasalimiani vizuri tangu walipokosana juu ya fahali wa Ezra, wa aina ya Sahiwal, ambaye Ezra alimfungia ndani ya ua wa nyaya asiwapande ng'ombe wa majirani. Parsaoti alifika na ng'ombe jike wake wa pekee, Nado, akamfunga langoni, akaketi kando yake kwenye kigoda.

Namalwa alieleza kesi yake polepole.

"Mkono ulioshika kidonge bila glavu unakaa na harufu wiki nzima, hata ukioga. Sisi hatuisikii. Dume akiipata, hata akiwa mbali, anaacha kula anakuja."

"Hayo uliniambia wiki jana nikipita hapa," Parsaoti alisema. "Na ua haumzuii?"

"Hata kidogo, mzee."

"Sawa. Lakini mimi bado sijaona."

"Utaona leo."

Walisimama mstari mmoja: Ezra, mkewe Nashipae, na Allan wa kumwagilia maji. Upepo mwembamba ulivuma kutoka langoni. Namalwa akaondoa neti.

Nondo walipanda juu kama majivu, wakazunguka bila mpango. Mmoja alitua begani mwa Allan. Allan akakiri papo hapo kwamba yeye ndiye anayekunywa maziwa jikoni. Nashipae alimtazama kwa muda mrefu. Kwa kosa hilo, paka alikuwa ameshafukuzwa.

Lakini nondo yule aliruka tena. Wote sasa walikuwa wameelekeza vichwa upande mmoja, vipapasio vimesimama. Wakaukata upepo kombokombo, kushoto, kulia, kushoto. Wakampita Nashipae. Wakampita Ezra, aliyekuwa amefumba macho ingawa shamba ni lake. Wakaenda moja kwa moja mpaka langoni.

Wanne walitua kwenye vidole vya mwamuzi.

Waliobaki walimpita pia, wakaivamia kengele ya shingoni mwa Nado mpaka ikaacha kulia. Namalwa alisogea, akaiinua, akachungulia ndani. Vidonge vitatu vilikuwa humo, vimefungwa kwa uzi wa shanga nyekundu.

Ezra alisogea, akavihesabu mwenyewe.

Parsaoti hakuona haya hata kidogo. Alipangusa nondo vidoleni, akasimama, akamgeukia Namalwa kama mtu aliyeuziwa redio isiyo na sauti.

"Siku nne ninangoja, mama," alisema. "Ulisema dume anaacha kula, anavuka ua, anakuja. Hawa wadogo nimewaona. Fahali wa Ezra yuko wapi?"