Mlango Usiofunga Vizuri

Siwema alianguka ngazini akipaka ukuta chokaa, mkono wa kushoto ukavunjika. Katika chumba cha dharura, Daktari Kihaule, mtafiti, alimletea kichupa cha dawa mpya ya kutuliza maumivu, aivute kwa mdomo.

"Mbona wenzangu wanachomwa sindano?" Siwema aliuliza, jasho likimtoka. "Unataka kuijaribia kwangu?"

"Ndiyo, ukikubali, mama. Kwanza nisikilize moyo wako."

Alisikiliza muda mrefu mno, kisha akakitia kichupa mfukoni.

"Sasa unaificha! Kuna nini?"

"Vali moja ya moyo wako, yaani mlango wa damu, haifungi vizuri, damu inarudi nyuma. Vali hizi ndizo nilizozitafiti miaka yote. Kwa moyo kama wako, sijui dawa hii itafanya nini. Utachomwa sindano."

"Nimekuja na mkono, wewe unaniambia moyo! Muongo mkubwa."

Kihaule alimvalisha masikioni kifaa chake cha kusikilizia, akamwelekeza pa kukishika kifuani.

Siwema akasikia mvumo, kama maji yanayopenya chini ya mlango. Muuguzi aliingia na sindano. Siwema akamtikisia kichwa asubiri, macho ameyakaza darini, anasikiliza.