Tuta la Kindi

Kaeni vizuri, na anayesinzia akalale. Kindi alikuwa na watoto, kiangazi kilikuwa kinakaribia, na jembe alilichukia. Mwalimu Fuko alipotangaza mafunzo ya kulima mboga, Kindi aliwahi kusema kabla ya wote.

"Darasa liwe kwangu, mwalimu. Tuta langu ni lenu."

Moyoni alijua watalima wao, watakula wanawe. Nao walilima kweli, wakamwagilia, mboga ya sukuma wiki ikachipua imebanana. Kindi hakutulia. Alipanda mtini, akashuka, akachungulia majani, akapanda tena.

Wiki iliyofuata Fuko akasema, "Leo tunapunguza miche. Ng'oeni iliyosongamana, mkaipande kwenu. Kila mmoja ajaribu kwa mkono wake, sitaki watazamaji."

Nungu aling'oa. Digidigi aling'oa. Kila mmoja alichagua mche mnono, maana alikuwa anaupeleka kwake. Kindi akawa anazunguka tuta kama aliyekanyaga siafu.

"Jamani, imetosha."

"Bado mimi, shoga," Panya akasema. "Si ulisema tuta ni letu?"

Walipoondoka ulibaki mche mmoja, umelala ubavu.

Kiangazi kilipobana, Kindi alibisha hodi kwa Nungu, kikapu kitupu mkononi. "Dada, nigawie mboga. Wanangu wanalia njaa."

Nungu alimkatia majani ya chungu kimoja, kisha akamshikisha jembe.

"Ya leo hayo kikapuni. Ya kesho yako hapo kwenye mpini."

Imeishia hapo, na mwenye njaa akalime.