Aliyekimbilia Jeshini

Asuman aliiacha suruali ya karani kwenye cherehani ikiwa na mguu mmoja tu, akatoka dukani mbio, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

Habari aliletewa na mkewe, Kulusum. Alikuja mpaka mlangoni mwa duka, pale karibu na soko la Arua, akahema kwanza, kisha akasema, "Baba Nasur, ameenda. Iko Koboko, kuandikisha jeshi."

Hakutaja jina, naye Asuman hakuuliza ni nani. Nyumbani kwao ni mmoja tu aliyekuwa akiimba nyimbo za jeshi akioga. Kulusum akaeleza mengine huku akitazama chini: kwamba ameaga anakwenda msikitini, kumbe amepanda lori la tumbaku, kwamba chini ya kanzu amevaa viatu vya Asuman, vile alivyorudi navyo kutoka vita vya Burma, na kwamba hata chai hakunywa.

Ilikuwa mwaka 1972, na magari ya jeshi yalikuwa yakizunguka West Nile, huku Uganda, kutafuta askari wapya. Mjini watu waliizungumza habari hiyo kama wanavyozungumza habari ya arusi. Asuman hakuizungumza. Jeshi alikwisha kulionja: mvua isiyokatika, ruba ndani ya soksi, nyama ya kopo yenye ladha ya kopo, na marafiki aliowafukia kwenye matope kwa mikono yake mwenyewe. Hayo yote alikuwa akiyasimulia nyumbani baada ya chakula cha jioni, makusudi, ili yamtishe mtu yule yule. Hayakumtisha. Yalimtia hamu. Mara nyingine alimkatiza Asuman katikati ya maneno, akamwambia kwamba kile kilima walichoagizwa kukiteka wangekizunguka kwa kushoto.

Bahati nzuri Ondoga alikuwa anapeleka chumvi Koboko kwa lori siku hiyo. Ondoga, Mlugbara mwenye tumbo na kicheko, alikuwa na Asuman katika kikosi kimoja Burma, na tangu warudi hawakuwahi kukubaliana juu ya safari ile. Walibishana njia nzima. Ondoga alisema jeshi lilimfundisha gari. Bila ile vita leo angekuwa nyuma ya jembe. Asuman akajibu kwamba yeye lilimfundisha kushona, kwa sababu kila siku suruali zilichanikia kwenye seng'enge. Basi na wewe ulipata kazi, akasema Ondoga, sasa unalia nini?

Wakavuka daraja.

"Kazi nilipata," alisema Asuman. "Lakini huyu akienda, harudi. Mimi najua yeye. Wakisema watu wote walale chini, yeye atasimama aone risasi inatoka wapi."

Ondoga hakucheka. Alikanyaga mafuta.

Uwanja wa Koboko ulikuwa umejaa vumbi na vijana vifua wazi. Asuman alitazamia kusikia amri na matusi, kama enzi zake. Badala yake alisikia vicheko na makofi kutoka mbele ya mstari. Mezani alikaa sajini mmoja, Draku, uso umechoka kabla ya saa sita. Asuman akajieleza kwa heshima: ametoka Arua, amekuja kumchukua mtu wake, jina lake Fadhul.

Draku akaweka kalamu chini.

"Kumbe iko wako? Mchukue. Tangu asubuhi sisi nasema umri haikubali, yeye nasema umri iko ya kutosha. Tunatoa yeye kwa mstari, anarudi."

Akalalamika zaidi. Fadhul alikuwa amewapanga vijana wale safu, akawafundisha kugeuka kulia na kushoto, na sasa wanamsikiliza yeye kuliko wanavyomsikiliza sajini. Nani amemfundisha gwaride mtu huyu?

"Si mimi," alisema Asuman, na ilikuwa kweli tupu.

Sajini akapunguza sauti. Shida yote, alisema, imetoka sokoni. Kuna mtu amevumisha kwamba kila nyumba itatoa mtu mmoja, atake asitake. Amri hiyo yeye hajaiona. Lakini watu wakishaamini neno, utawaambia nini?

Asuman akaufuata mstari. Tangu Arua alikuwa ametayarisha maneno makali, na kama maneno yasingetosha, alikuwa tayari kumshika mkono na kumvuta mbele ya uwanja mzima. Akapita vijana wanaocheka, vijana wanaotetemeka, mmoja aliyekuwa akisali. Kisha akamwona: kanzu imefungwa kiunoni, kifua mbele, mikono ubavuni, viatu vya Burma vinang'aa.

Maneno makali yakamwisha. Akavua kofia.

"Baba," alisema, "twende nyumbani. Utaanguka kwa hii jua."

Mzee Fadhul hakugeuza shingo. Kifuani kwenye kanzu yake ilining'inia medali ya vita vya kwanza vya Mjerumani, na ndevu zake nyeupe zilikuwa zimechanwa vizuri.

"Wakati wa Burma chifu alitaka mtu mmoja kwa nyumba yetu, mimi nikatoa wewe," alisema taratibu, akitazama mbele. "Sasa wakikuja kuuliza mtoto wako Nasur, waambie nyumba yetu imekwisha kutoa."