Ameamka Salama

"Mama yako yuko ng'ambo ya mpaka," alisema Afande Tekla. "Kila siku mnazungumza nini?"

"Hatuzungumzi, afande. Salio halimtoshi. Ananibipu tu asubuhi, nijue ameamka salama, nami nambipu."

"Basi hiyo ni ishara ya siri."

Habonimana alitaka kucheka, ila afande hakuwa akitania. Uraia alikwisha kuupata; kilichobaki ni kibali cha usalama, ndipo aajiriwe kwenye mitambo ya serikali.

"Ukiitaka kazi, kijana, acha kumjibu."

Simu ya kijana ikalia mara moja mezani, ikanyamaza. Habonimana akaibana mikono mapajani. Sauti ya mama alikuwa ameanza kuisahau.

Afande akainua muhuri, akasubiri.

Simu ikalia tena, na safari hii haikukatika.